Mashati Mawili ya Pazia

Kila alipopewa ndizi ya kuchoma, mtoto aliivunja katikati. Nusu moja aliila. Nusu ya pili aliilaza mkekani, upande wake wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Hakuna aliyemfundisha. Kuku akisogea, mtoto alimfukuza kwa ukali wa mzee mwenye mali, kisha akarudi kuketi, akaitazama ile nusu ikipoa.

"Anamlisha," alisema Bibi Mwanahamisi bila kuinua macho kutoka kwenye tasbihi yake. "Anamlisha mwenye jina."

Mkaza mwana wake, mshonaji aitwaye Sikujua, aliinamia kazi. Alizidi kuuzungusha mkono wa cherehani, akijifanya kwamba kelele za chuma zimemziba masikio. Mwenye jina alikuwa mwanawe wa kumzaa, Amuri, aliyekufa kwa surua wakati waasi waitwao Simba walipoushika mji na dawa zikakauka. Alizikwa upesi, alasiri moja ya risasi, na matanga hayakuwekwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukusanya watu. Kisha ikaja siku ile ya Novemba, askari wa kizungu wakashuka kutoka angani kwa miavuli, na mji mzima ukakimbia huku na huko kama mchwa waliobomolewa kichuguu. Katika vumbi la barabara iendayo kwenye maporomoko ya mto Sikujua alimkuta mtoto wa kiume amesimama peke yake. Hakuwa akilia. Mkono mmoja alikuwa ameuinua, kana kwamba yupo mtu ambaye angali ameushika. Sikujua akaushika. Hakufikiri zaidi ya hapo. Nyumbani alimvika nguo za Amuri, zikamtosha. Akamwita Amuri, akaitika.

Mwaka ulikuwa umepita tangu siku hiyo. Alfani, mumewe Sikujua, alikuwa bado amekwama Bafwasende alikokwenda kufanya biashara kabla ya vita, na barabara ya mashariki ilikuwa mikononi mwa waasi waliokimbilia msituni. Hakujua kwamba mwanawe amekufa. Alipoondoka aliacha mtoto wa kiume nyumbani. Akirudi atakuta mtoto wa kiume nyumbani. "Watoto hubadilika sura," Bibi Mwanahamisi alisema siku moja, ikaishia hapo. Juu ya jambo hilo mkaza mwana na mavyaa hawakuwahi kuapishana wala kushauriana. Walinyamaza, kila mmoja kwa upande wake, na kimya hicho kikawa ndio mkataba wao.

Majirani nao walinyamaza, isipokuwa Fatouma wa ukuta wa pili, ambaye ulimi wake haukupata kufungwa hata na Simba wenyewe. Asubuhi hiyo alikuja kuomba kaa la moto, akasimama na kigae chake mkononi, akamwangalia mtoto na ndizi yake.

"Ee, Mama Amuri! Surua ya kwenu iko na maajabu. Ya wengine inaacha makovu. Ya kwenu inaleta mutoto mupya kabisa!"

Akacheka peke yake.

"Chukua kaa lako uende," alisema Bibi Mwanahamisi. "Na likizimika njiani, usirudi."

Fatouma hajafika kwake, hodi nyingine ikabishwa langoni. Ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba mgeni akibisha, mtoto huingizwa ndani. Bibi alimshika mkono akampeleka chumbani, akashusha kitambaa cha mlangoni, akarudi kwenye kigoda chake. Nusu ya ndizi ikabaki mkekani.

Mgeni alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyekulia kwenye kafi, na nguo zake zilikuwa na harufu ya samaki wa moshi. Shingoni alivaa msalaba mdogo wa mti. Alikuwa amekumbatia pazia la maua na ndege wa kijani.

"Miye Célestine, wa kule kwenye maporomoko," alisema. "Banasema mama, unashoneaka watoto muzuri. Bon. Nataka mashati mawili. Pazia hili lilitoka kwenye nyumba ya Mzungu, lakini usiniangalie vile, siye niliyelichukua. Mi nililipata kwa samaki."

"Siku hizi nusu ya mji imevaa mapazia," alisema Sikujua. "Watoto wako wapi niwapime?"

Célestine alitoa kifuani uzi mnene wa kushonea nyavu, wenye mafundo. Akaunyosha mbele ya Sikujua. "Nimempima mumoja. Mupaka fundo hili ni shingo. Hili mabega. Hili mukono. Hapa mwisho, urefu. Mwingine ni vilevile."

"Watoto hawalingani hivyo, mama."

"Wangu wanalingana. Walikuja siku moja."

"Mapacha?"

"Mapacha. Donc, hushonei mumoja. Ukishonea mumoja, mwingine anakasirika, anamuita mwenzake amufuate."

Hilo Sikujua alilijua. Katika mji ule hakukuwa na mtu, wa msikitini wala wa kanisani, ambaye hakulijua. Alilipokea pazia, akalipima kwa urefu wa mkono wake. "Pindo la chini niliache kubwa, la akiba, tulifungue wakikua?"

"Acha vidole vine. Kwa wote wawili."

"Lakini mlete hata huyo mmoja. Na mwingine kama anaumwa, nitakuja kwako nimpime."

"Haumwi. Iko kwenye maji." Célestine alilisema hilo kama mtu anayetaja mtaa. "Toka siku ya miavuli. Tulikuwa tunakimbia, Wenceslas mugongoni, Sébastien namushika mukono. Mukono ukateleza. Nimekaa kwenye pori la Banalia mupaka mwezi uliopita. Kurudi, wakaniambia muto ulichukua watoto wengi siku ile. Alors, shati lake nitamupelekea pale kwenye maji meupe. Dimanche, misa ikiisha."

Sikujua alikuwa ameushika uzi. Aliona vidole vyake mwenyewe vimeganda juu ya fundo la mabega. Swali likamtoka kabla hajalizuia:

"Na la maji, pindo la akiba la nini?"

Célestine alimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anavyomtazama mjinga.

"Mama, naye anakua."

Alipogeuka kwenda zake, macho yake yalipita mkekani, yakaona nusu ya ndizi iliyowekwa kando. Akasita. Kisha akatikisa kichwa, akatoka.

*

Sikujua alikuwa na sanduku la mbao ambamo aliweka sanda ya mavyaa wake na vitu ambavyo havikupaswa kuonekana. Alilifungua, akachimbua chini kabisa, akatoa shati dogo lililochakaa, alilomvua mtoto siku ile ya vumbi. Halikuwa na vifungo vya dukani. Aliyelishona alikuwa amefunga kitanzi cha uzi wa nyavu shingoni, na fundo la kitanzi hicho lilikuwa la mviringo, mkia wake umerudishwa ndani ukafichwa. Sikujua alikuwa ameshona tangu ujana wake na alijua kwamba mkono wa mtu hutambulika kwenye fundo kama sauti yake kwenye giza. Akaweka uzi wa Célestine kando ya kitanzi. Ulikuwa mkono mmoja.

Hata hivyo moyo hukataa linalojulikana na vidole. Mtoto alikuwa amelala usingizi wa mchana. Sikujua alipiga magoti kitandani, akamnyoshea uzi: shingo, mabega, mkono, urefu. Kila fundo lilifika mahali pake likatulia.

"Umempima amelala!"

Bibi Mwanahamisi alikuwa mlangoni, ameshika kizingiti. Katika ukoo ule mtoto hupimwa amesimama, macho wazi, tena achekeshwe; apimwaye amelala ni yule wa kukatiwa sanda. Sikujua alijua hivyo tangu hajafundishwa kutunga uzi sindanoni. Alikunja mkono wake kifuani kana kwamba umeungua.

"Sikukusudia, mama."

"Mkono haukusudii, mkono hufanya." Bibi aliingia, akapuliza dua juu ya paji la mtoto. "Watoto wote wa umri huu wana kimo hiki."

"Na fundo?"

"Fundo ni fundo."

"Mama, wewe mwenyewe umemsikia. Mapacha. Na ile nusu ya ndizi…"

"Sefu wa lori amesema barabara inafunguliwa!" Sauti ya bibi ilipanda, kisha akaishusha ili mtoto asiamke. "Alfani atakuja. Nimwambie nini mwanangu? Kwamba nilimfukia mjukuu wangu kama paka, bila hitima, bila mkeka, na nikaendelea kula? Shona nguo za watu, Sikujua. Mwache yule mwanamke na maji yake. Ameshazoea."

Sikujua alilitamka neno lile kimoyomoyo, ameshazoea.

*

Alikata kesho yake. Alilikunja pazia mara mbili, ndege juu ya ndege, akalibana kwa miiba ya mlimau, maana pini zilikuwa zimepotea mjini pamoja na waliokuwa wakiziuza. Shati la mtoto mdogo si kazi ya kuumiza kichwa: mbele, nyuma, mikono miwili mifupi, utepe wa shingo uliokatwa mshazari ili usikwaruze. Alilimaliza la kwanza bila uzi kukatika hata mara moja.

La pili lilikuwa na mambo. Uzi ulikatika shingoni, ukakatika begani. Alijaribu kulikosea makusudi, alibane kwapani, alipotoshe pindo, liwe shati la mtoto asiyekuwapo. Lakini kila alipofika kwenye kosa, mkono wake uliunyosha mshono wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi ya kutoaibika. Mtoto alikuja akasimama karibu na goti lake. Aliyatazama mashati yote mawili kwa muda. Akalichukua la kwanza, akalitandaza mkekani upande wake wa kushoto, akalinyosha mikono vizuri. Kisha akalishika la pili, la kwake, akalikumbatia, akaketi.

"Kalale," Sikujua alimwambia. "Jua limekuwa kali. Kalale, baba."

Mtoto akaenda ndani. Mchana ule ulikuwa mweupe na mzito, bila upepo. Hata ngurumo ya maporomoko, isiyokoma mwaka mzima wala haisikiki kwa walioizoea, siku hiyo ilisikika. Sikujua aliketi chini ya upenu na pindo la mwisho mkononi. Alipoinua macho, mtoto alikuwa langoni.

"Amuri, nani amekufungulia?"

Mtoto alikuwa kifua wazi, na Sikujua alikuwa amemwacha ndani amevaa fulana. Utambara mrefu ulining'inia kutoka kiwiko cha mkono wake wa kulia. Aliingia bila kuangalia kulia wala kushoto, kama mtu arudiye kwake. Akafika mkekani. Akainama juu ya nusu ya ndizi ya asubuhi, akaipuliza vumbi, akaila.

Shingo ya Sikujua iligeuka polepole, haikutaka. Chini ya kitambaa cha mlangoni, kitandani, aliziona nyayo mbili ndogo za mtoto aliyelala.

Mwenye jina amekuja, aliwaza. Amekuja kuchukua nguo zake.

Na kwa kuwa mama hamwogopi mwanawe hata akiwa wa kaburini, alijilazimisha kumtazama usoni, ili ajue kama ndiye. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomshika, kwa maana hakujua. Aliutafuta uso wa Amuri, uso aliouosha, macho aliyoyafumba kwa vidole hivi hivi, akaukosa. Mahali pake palikuwa na uso huu tu, mmoja kitandani na mmoja mkekani. Kwa mwaka mzima alikuwa ameufunika uso mmoja kwa mwingine, kama mtu anayeshona kiraka juu ya kiraka, mpaka nguo ya asili haipo tena.

"Amuri?" alinong'ona.

Mtoto alitikisa kichwa. "Wenceslas," alisema, kinywa kimejaa.

"We Wenceslas! Mutoto wa kukimbia!" Célestine alikuwa akija barabarani, anahema. Aliufikia utambara, akaukamata, akaufunga mwisho wake kwenye kiwiko chake mwenyewe, maana kiganja hakukiamini tena. "Pardon, mama. Toka jana nilipomusimulia habari ya mashati hatulii. Nimekaa mulango wa pili nauza samaki, kugeuka tu, amefungua. Sijui anafuata nini. Tena chakula chote anakivunja, anaweka pembeni. Nimechoka na huyu." Akamtazama Sikujua usoni. "Unaumwa? Malaria?"

"Jua," alisema Sikujua. Alikuwa amesimama tayari, mgongo wake umeziba mlango. "Mashati… kesho. Njoo kesho."

"Kesho," alikubali Célestine. Alipokuwa akimvuta, Wenceslas aliangalia nyuma, wala hakumwangalia Sikujua. Aliangalia kitambaa cha mlangoni.

Bibi Mwanahamisi alikuwa nyuma ya kitambaa hicho muda wote. Alitoka akaomba maji ya udhu, akatawadha, akasali sala ndefu kuliko ilivyompasa. Alipotoa salamu ya mwisho alibaki ameketi, mikono juu ya magoti.

"Ameila ile nusu?" aliuliza.

"Ameila."

"Basi haikuwa ya Amuri wetu." Alitazama mkeka mtupu. "Mwaka mzima, Sikujua. Mwaka mzima wetu hajaletewa kitu."

*

Célestine alikuja jua halijawa kali, Wenceslas amefungwa kwenye kiwiko chake. Sikujua alimpa shati moja lililokunjwa. Juu yake alikuwa ameweka lile la zamani, kitanzi juu.

Célestine alilitambua shati kabla hajaligusa. Hata hivyo aliuliza swali la mteja, kwa sauti ya mteja, kana kwamba hilo tu ndilo lililomwezesha kusimama:

"Na la pili?"

"Limevaliwa," alisema Sikujua.

Bibi Mwanahamisi alitoka chumbani, amemshika mkono mtoto mwenye shati la ndege wa kijani. Watoto wale hawakukimbiliana. Yule wa ndani alivuka ua taratibu, akampita kila mtu, akaenda kusimama kushoto kwa mwenzake. Akatulia pale.

Célestine alipiga magoti. Hakupiga kelele. Alimgusa mtoto shingoni, begani, mkononi, kisha akaweka kiganja utosini, mahali pote pa mafundo. Aliporidhika aliinua uso, na uso huo haukuwa na shukrani hata chembe.

"Uliponiona na uzi, ulijua?"

"Siku hiyo hiyo."

"Ukakata kitambaa."

"Nikakata."

"Mi nakwenda kupiga magoti kwenye mawe, natupa chakula kwenye maji, natupa sigara ya baba yake, natupa machozi, na weye, hapa, njia moja tu, unamuchomea ndizi!" Sasa sauti ilipanda, na vichwa vikaota juu ya ukuta, cha Fatouma kikiwa cha kwanza. "Mwizi! Wengine wanaiba mapazia. Weye unaiba mutu!"

"Ndiyo," alisema Sikujua.

"Tutukane sote wawili, mama," alisema Bibi Mwanahamisi. "Mimi ndiye mkubwa wa nyumba."

Célestine alimtazama yule bibi kizee, akatafuta tusi la kumfaa, akalikosa. Alichana utambara kwa meno, akafunga kiwiko cha mtoto wa pili, akasimama. Walitoka hivyo, watatu kwenye uzi mmoja. Langoni mtoto mwenye shati aligeuka, akaita, "Mama." Wanawake wawili waligeuka. Akabaki akiwatazama kwa zamu, hajui alimwita nani.

Célestine alisimama kwa muda, mgongo umeelekea uani.

"Asubuhi anakula nini?" aliuliza, bila kugeuka.

"Ndizi ya kuchoma. Usimvunjie. Anavunja mwenyewe."

"Najua vile anavunja." Akaukaza utambara. "Na mulimuita nani? Kama hataitika Sébastien, nitamuita hilo lenu kwanza, mupaka azoee."

Sikujua alifungua mdomo kulitoa, lakini mavyaa wake alitangulia.

"Hapana, mwanangu. Jina hilo utuachie. Lina mwenyewe."

Célestine aliwatazama wote wawili, kwa mara ya kwanza kama mtu anayewaona, na akaelewa. Aliinamisha kichwa kidogo, akaenda na watoto wake.

Bibi Mwanahamisi aligeukia ukuta. "Fatouma, usisimame hapo kama mtungi. Nenda ukawaambie watu kwamba nyumba hii ina msiba. Na Sefu akipita na lori lake, abebe habari hiyo mpaka Bafwasende. Alfani aipate kabla ya kufika mlangoni."

"Nani amekufa, bibi?" aliuliza Fatouma, na safari hii hakukuwa na kicheko.

"Amuri. Mtoto wa mwanangu."

Fatouma alivuta kitambaa chake kichwani, akashuka ukutani.

Sikujua alitandika mkeka, akaketi katikati yake, miguu imenyooka, kama wafiwa wanavyoketi. Akaisikiliza ngurumo ya maji. Kisha sauti za wanawake zilipoanza kukaribia njiani, uso wa mwanawe ulimjia, wenye vipele vya surua mpaka kwenye kope, wala haukufanana na wa mtu mwingine yeyote. Akainua mikono kuupokea, na ndipo alipolia.